Siku DT ya mzee ilipokataa kuzima

Hii pikipiki, Yamaha DT175, ilikuwa ya mzee wangu, ya mwaka 1977, ile yenye shoki mbili nyuma, na ilikuwa imelala stoo miaka 19 chini ya turubai. Mimi mlio wake niliujua kabla sijajua kusoma, nikisikia tu ile ring-ting-ting-ting inakata kona nilikuwa nakimbia kufungua geti. Kwa hiyo siku nilipoamua kuifufua nilitaka kazi yote niifanye kwa mikono yangu, nikaitoa ikiwa vipande vipande mpaka barazani, na hapo barazani ikakaa miezi saba.

Sitaeleza kila nati. Silinda ilikuwa na mikwaruzo, ikaenda kuchongwa, pistoni ya kiwandani ni milimita 66 mimi nikaweka ovasaizi ya 0.50, yaani kubwa zaidi kwa nusu milimita. Kabureta nilifungua yote nikazibua jeti kwa upepo. Ila umeme ndo ulinikalisha kitako. Pikipiki yenyewe ni ya volti 6, taa ya mbele usiku ilikuwa inamulika tairi lake tu, basi nikatoa zile koili za zamani chini ya magineti, nikatoa na pointi, nikafunga CDI, kile kiboksi cha umeme kinachopiga cheche badala ya pointi, regyuleta, betri ya volti 12, waya zote nikavuta mpya moja moja. Nilipowasha taa mara ya kwanza ukuta wa jirani ukawa mweupe pee, nilisimama pale naangalia tu ukuta dakika nzima.

Kuna kitu kimoja sikukigusa. Sili za kranki, zile pete za raba zinazozuia hewa isipite pembeni ya ekseli ya kranki. Nilishika konrodi nikaitikisa juu chini haina mchezo, beringi zinazunguka kimya, nikasema hapa kupasua injini ni kwenda kuharibu kizima. Sili ya upande wa magineti niliimulika kwa tochi ikaonekana nyeusi, safi, haina ufa, nikaifuta na kitambaa nikafunika.

Jumapili moja jioni baba mdogo akaja. Yeye enzi zake alikuwa fundi wa hizi tu-stroki, anazijua kwa sikio. Nikachanganya petroli lita 5 na oili mililita 200, yaani 25 kwa 1, maana pampu inayopeleka oili kwenye injini nilikuwa nshaitoa hewa ila bado nilikuwa siiamini. Choki juu, kiki ya kwanza kimya, ya pili ikakohoa, ya tatu ikalia. Jamani ule moshi, ile harufu ya oili iliyoungua, nilirudi kuwa mtoto wa miaka sita papo hapo. Nikaacha ipate moto kidogo alafu nikashusha choki.

Sasa hapo ndo ikaanza. Resi ikapanda yenyewe. Mkono wangu haujagusa mpini, kebo ina ulegevu wake vizuri kabisa, lakini mlio unapanda tu taratibu kama mtu anavuta resi kwa siri. Nikalegeza skrubu ya silensa, ile ya kabureta ya kupangia mlio wa chini, mpaka mwisho, haikushuka. Nikazima swichi, haikuzima, ule waya wa kuzimia wa CDI nilikuwa nimeuacha nitaunga baadae. Ikaanza kupiga kelele ile ya juu, kali, kavu, yaani unaisikia mpaka kwenye meno, na mimi nikanyoosha mkono nichomoe kofia ya plagi.

"Usiguse plagi, we mtoto! Choki! Pandisha choki!"

Nikapandisha. Resi ikaporomoka, injini ikabwata bwata mara mbili tatu, ikazima. Barazani kukawa kimya, unasikia tu chuma kinapoa, tik, tik.

Baba mdogo hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda akaniambia, umeona choki imefanya nini? Choki inaongeza petroli. Ukiiongezea petroli ikatulia, maana yake ilikuwa na njaa, na kabureta umeisafisha mwenyewe, basi kuna hewa inaingia mahali pengine. Nikasema labda gasketi ya silinda. Akasema labda, usibahatishe, pima.

Kwa wasiozoea hizi injini, tu-stroki haipumui kama injini ya gari. Petroli na hewa vinapita kwanza chini kwenye kranki, pistoni ikipanda inavuta, ikishuka inasukuma kwenda juu. Kwa hiyo kule chini kunatakiwa kuzibwe kabisa. Hewa ikipata tundu, mchanganyiko unakuwa mwepesi, joto linapanda, na kwa kuwa oili inasafiri pamoja na petroli, ile ya kulainisha pistoni nayo inapungua. Dakika mbili zaidi za ile kelele na pistoni yangu mpya ingenata kwenye silinda. Plagi nilipoitoa ilikuwa nyeupe kama chaki, wakati inatakiwa iwe rangi ya kahawia.

Kesho yake tukatengeneza kipimo. Tundu la eksozi tukaziba na raba na kipande cha bati, upande wa kabureta tukaweka kizibo chenye mrija, na kwenye mrija tukaunga mashine ya presha ya mama, ile ya kuminya kwa mkono yenye saa. Nilimuomba vizuri akanipa. Ile saa inaishia 300, na 300 ya presha ni karibu psi 6, ndo kiasi hasa injini hizi zinapimiwa, ukizidisha unaweza kuzisukuma sili zenyewe zitoke. Nikaminya mpaka 300, nikaachia mkono, mshale ukarudi sifuri kabla sijamaliza kuhesabu tano.

Nikachukua brashi na maji ya sabuni. Gasketi ya silinda, kavu. Chini ya silinda, kavu. Kiti cha kabureta, kavu. Nikachomoa magineti kwa pula, nikaweka kando kile kichuma cha nusu mwezi kisipotee, nikapaka sabuni kuzunguka ekseli ya kranki huku baba mdogo anaminya. Povu likatoka pale pale, dogo dogo, jeupe, likizunguka mdomo wa sili yote kama pete. Ile ile sili niliyoifuta na kitambaa.

Nilitoboa kitundu kwenye uso wake kwa uangalifu nisiguse kranki, nikafunga skrubu ndogo, nikaivuta na koleo. Nilipoishika mkononi nikaikunja kidogo, mdomo wake ukakatika kama biskuti. Miaka 19 imekaa kavu, kwa macho nzima kabisa, kumbe raba imeshakuwa mfupa. Ya upande wa klachi nayo tukabadilisha siku ile ile, hata kama haikutoa povu, maana ile ikivuja inavuta oili ya giabox na utaona tu moshi mweupe hauishi.

Sili mpya nikazipaka grisi mdomoni nikazisukuma taratibu, upande huu, upande ule, zisikae mshazari. Nikaminya tena mpaka 300. Mshale ukaganda. Tukakaa wote wawili tunautazama kama watu wanaopika uji usimwagike, dakika sita zimepita umeshuka kidogo sana. Baba mdogo akachomoa mrija, akasema rudisha mashine ya mama yako kabla hajaiulizia.

Safari hii waya wa kuzimia niliuunga kwanza. Kiki ya pili ikawaka. Nikashusha choki nikangoja, nimeshika swichi kwa kidole, roho juu. Resi ikashuka. Ikashuka zaidi, ikakaa, ring-ting-ting-ting, inakosa kidogo inashika, vile vile kabisa ilivyokuwa inalia pale kwenye kona.

Mlango wa ndani ukafunguka. Mzee alikuwa hajawahi kutoka kuiangalia miezi yote ile, na mimi sikumlazimisha. Akatembea mpaka kwenye eksozi, akaweka kiganja nyuma yake, akakinusa, akasugua vidole viwili kuona oili. Alafu akaangalia tanki, akapitisha mkono juu ya rangi mpya.

"Helmeti yangu mliitupa?"

Nilikuwa nimeihifadhi juu ya kabati. Nikakimbia kuileta.