Gari la kukatwa kazini au la kujinunulia: hesabu zetu za Goba

Fomu ya kuchukua gari la kampuni kwa kukatwa mshahara ilikaa juu ya friji yetu siku 11. Kila nikienda kutoa maziwa ya watoto naiona, na kila nikiiona nakumbuka kwamba ofisi ya utumishi inataka jibu kabla mwezi haujaisha. Ilikuwa Machi 2023. Tunaishi Goba, mimi nafanya kazi Mikocheni, mume wangu anafundisha sekondari Kibamba, watoto wawili wanasoma Mbezi. Wanaoijua ramani ya Dar wameshaelewa kwamba kila asubuhi nyumba moja ilikuwa inatawanyika pande tatu, na mimi nilikuwa natoka saa 11 alfajiri ili niwahi kusimama, sio kukaa, kwenye daladala.

Mpango wa kampuni ulikuwa hivi. Wao wananunua gari, kadi inasoma jina lao, mimi naliendesha na kukatwa 520,000 kila mwezi kwa miezi 48. Bima kubwa juu yao, sevisi juu yao, matairi mara moja ndani ya miaka hiyo minne. Mafuta juu yangu. Miezi 48 ikitimia nalipa asilimia 10 ya bei waliyonunulia, wananihamishia umiliki. Gari walilonipangia lilikuwa la milioni 26, lina umri wa miaka mitatu, injini yake haifiki cc 1500.

Wengi kazini walikuwa wanaukwepa mpango huu kwa kuogopa kodi. Nilikuwa naambiwa, "Dada, watu wa kodi, TRA, watakuhesabia gari kama mshahara, utalia." Nikaenda kwa mhasibu wetu, mzee mmoja mpole sana, akanifungulia jedwali la Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004. Nilishangaa. Faida ya gari la mwajiri haihesabiwi kwa bei ya gari, inahesabiwa kwa ukubwa wa injini na umri wa gari. Injini ya zaidi ya cc 1000 hadi 2000, gari likiwa chini ya miaka mitano, ni 500,000 kwa mwaka mzima. Likivuka miaka mitano inashuka hadi 250,000. Kinachoongezwa kwenye mapato yako ni hicho, halafu unakatwa kodi kwa kiwango chako. Kwa mtu ambaye mshahara wake umepita milioni moja kwa mwezi, kiwango cha juu ni asilimia 30, kwa hiyo hata ikihesabiwa yote ni 150,000 kwa mwaka: 12,500 kwa mwezi. Ni nauli ya siku chache tu kwa familia yetu. Naliandika hili kwa herufi zangu mwenyewe kwa sababu nimeona watu wakiacha kitu kizuri kwa hofu ambayo hawakuipigia hesabu.

Upande wa pili ulikuwa kuagiza wenyewe. Tulikuwa na akiba ya milioni 7 na kitu, na SACCOS yangu, chama chetu cha kuweka na kukopa, inakopesha mara tatu ya akiba uliyoweka kwao. Nilikuwa nayo milioni 4 kule, kwa hiyo mkopo ni milioni 12, riba asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalobaki. Kwa miezi 36 hiyo ni makato ya karibu 398,600 kwa mwezi, na riba yote inafika kama milioni 2.35.

Tulichagua Toyota IST, ile ya umbo la pili, cc 1496. Mume wangu alikuwa ameona moja ya 2011 yenye bei ya chini sana Japan, na usiku huo alikuwa na furaha mpaka tulipoingia kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni. Gari likiwa na miaka minane lakini halijafika kumi, linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15. Likifika kumi na kuendelea, asilimia 30. Na kodi hizi zinapandana: ushuru wa forodha wa asilimia 25 unakaa juu ya bei ya gari pamoja na usafiri na bima, ushuru wa bidhaa unakaa juu ya jumla hiyo, halafu VAT ya asilimia 18 inakuja juu ya vyote. Ile ya 2011 ilipofika mwisho wa kikokotoo ilikuwa imelingana na ya 2014. Tukachukua ya 2014. Mpaka inatoka bandarini, na wakala wa forodha, usajili na namba, ilitugharimu milioni 19.3.

Baba mkwe aliniuliza kama nimekumbuka ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka. Ile ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo ukijaza sheli umeshalipa.

Sasa sikilizeni hesabu nzima, maana hapa ndipo nilipokaa usiku mwingi na kikokotoo cha simu. Gari la kampuni: makato ya miezi 48 ni 24,960,000, malipo ya mwisho milioni 2.6, kodi ya faida kama 450,000 kwa miaka yote minne, maana miaka miwili ya mwisho gari litakuwa limevuka miaka mitano na kodi inashuka nusu. Jumla milioni 28. La kwetu: milioni 19.3, riba 2.35, bima kubwa (niliyopewa bei yake ni asilimia 3.5 ya thamani, na VAT juu yake, karibu laki nane mwaka wa kwanza, halafu inashuka) kama 2.7, sevisi kila kilomita 5,000 kama 2.5, matairi laki saba, na milioni 2 tuliyoitenga kwa yatakayoharibika. Jumla milioni 29.5.

Yaani kwa shilingi tupu, gari la kampuni lilikuwa nafuu kwa milioni moja na nusu, tena ni jipya zaidi kwa miaka sita. Nilimwambia mume wangu, "Hesabu imekataa tunachokitaka." Akaniuliza kama nimeisoma fomu yote. Sikuwa nimeisoma yote.

Ukurasa wa sita ulikuwa na vipengele vitatu. Cha kwanza, dereva ni mwajiriwa peke yake. Mume wangu akishika usukani na likatokea la kutokea, bima haipo na gharama ni zetu. Cha pili, ukitoka nje ya mkoa unaandika barua ya kuomba ruhusa siku tatu kabla. Cha tatu, ukiacha kazi au ukiachishwa kabla ya mwezi wa 48, ama unalipa salio lote ndani ya siku 30, ama gari linarudi na makato yote yanahesabiwa kuwa malipo ya kulitumia.

Niliweka karatasi mbili mezani, fomu ya gari na mkataba wangu wa ajira. Mkataba wa ajira ni wa miaka miwili. Wa gari ni wa miaka minne. Sijui nilikuwa naangalia wapi siku zote hizo 11. Na nilikuwa najua habari ya mwenzetu wa kitengo kingine ambaye mkataba wake haukuongezwa akiwa mwezi wa 31 wa makato. Alikuwa amekatwa zaidi ya milioni 14. Ijumaa alikabidhi funguo mapokezi, akaita bajaji. Hakuwa na kosa lolote, ni mradi aliokuwa anaufanyia kazi ndio uliisha. Nilimsindikiza mpaka getini na sikupata neno la kumwambia.

Halafu yuko mama yangu. Anaishi Lushoto, ana kliniki ya macho Dar kila baada ya miezi mitatu, na akipiga simu saa 4 usiku kwamba jicho linauma, siwezi kumjibu kwamba barua yangu inasubiri sahihi. Ndiyo maana tulitaka cc 1500 na sio chini: ile barabara ya Mombo kupanda Soni, watu wanne ndani na magunia ya viazi nyuma, gari dogo zaidi linahema.

Tukachukua la kwetu. Mume wangu anatushusha watoto na mimi, anaendelea Kibamba, jioni anatupitia. Siku akiwa na mitihani naendesha mimi. Tumeshakwenda Lushoto mara saba.

Sitaki mtu adhani limekuwa rahisi. Mwezi wa tisa gia boksi ilianza kuteleza tukiwa hapo hapo kwenye kona za Soni. Fundi alipoifungua alituambia oili yake haijawahi kubadilishwa tangu gari litengenezwe. Milioni 1.4 ilitoka siku mbili, na mwezi ule tulikula dagaa na maharage. Mwenye gari la kampuni angepiga simu tu. Kwa hiyo ukinunua gari lililotumika, badilisha oili ya gia boksi kabla hujalipeleka safari ndefu, hata kama muuzaji anaapa.

Na sio kila mtu hali yake ni kama yangu. Mwenye ajira ya kudumu, anayeendesha peke yake, asiye na safari za dharura mikoani, kwake mpango ule ni mzuri kweli na ningemshauri auchukue.

Wiki iliyopita alikuja kijana wa stoo na fomu hiyo hiyo mkononi, amefurahi, ameshapiga hesabu ya makato na amenionyesha kwenye simu. "Dada, naona nasaini leo." Nikamuuliza mkataba wake wa kazi unaisha lini. Akasema Novemba. Nikamvutia kiti, tukafungua ukurasa wa sita.