Paka, magimbi na kabwawa ka nyuma ya nyumba

Tangu nichimbe kabwawa ka perege hapa nyuma, watu wakija hawaulizi samaki wanakula nini, wanauliza eti na huyo paka je, hayo majani hayamdhuru? Swali la maana kabisa, maana Rungwe hii sehemu nyingi mvua inapita milimita 2000 kwa mwaka, ukichimba shimo likakaa na maji kidogo tu pembeni kila kitu kishaota, na paka nae hana adabu, akiona jani linacheza na upepo lazima alionje.

Nianze na magimbi maana ndo yamejaa kila bonde huku. Mtu yeyote aliyewahi kula gimbi halijaiva anajua koo linavyowasha, hata kumenya tu mikono inawasha. Kinachofanya hivyo ni kalsiamu oksaleti, vijifuwele vidogo vyenye ncha kali, viko kwenye majani, kwenye shina na kwenye gimbi lenyewe, ukitafuna vinachoma ulimi na fizi. Sisi tunalipika likaiva sawasawa ndo tunashushia na chai asubuhi, ila paka hapiki bana.

Aliyeng'ata gimbi utamjua tu. Anatikisa kichwa, udenda unaning'inia nyuzi nyuzi mpaka kifuani, anajikwangua mdomo kwa mguu wa mbele, unamwekea usipa ananusa anaondoka, mwingine anatapika kabisa. Inatisha kuangalia lakini kwa vile inauma palepale huwa hatafuni sana, na mara nyingi inatulia yenyewe. Mfute mdomo na kitambaa cha maji safi, mwekee maji au kamtindi kidogo alambe mwenyewe akitaka, basi. Ukiona ulimi umevimba au anahema kwa shida hapo hakuna kusubiri, mpeleke.

Ukoo huohuo wa magimbi ndo kuna kala lili, yale maua meupe yaliyojikunja kama faneli yana kidole cha njano katikati, yanapenda sana kwenye mifereji na watu wanayapeleka kanisani. Na yale majani ya kijani yanayoelea yamejipanga duara, mizizi inaning'inia majini, watu wanayaweka bwawani kuzuia jua, nayo yana vijifuwele vilevile. Yote haya ni maumivu ya mdomo zaidi kuliko kifo. Krinamu ndo ya kuangalia kidogo, ile yenye kitunguu kikubwa chini inayoota mabondeni kwenye unyevu, kitunguu chake kina likorini na hiyo inatapisha na kuharisha vibaya. Mafunjo na yungiyungi za kuelea mi sina ugomvi nazo.

Sasa wanaoua kweli wala hawakai ndani ya maji. Ni lili zenyewe, zile maua makubwa ya kwenye mabukee ya harusi na sendofu zenye unga wa rangi ya chungwa unaochafua nguo, pamoja na zile za bustanini zenye majani marefu membamba na maua ya machungwa au njano ambazo ua moja linadumu siku moja tu, watu wanapenda kuzipanda kuzunguka bwawa. Hizi zinamaliza figo za paka. Jani, ua, ule unga, mpaka maji ya kwenye chombo cha maua. Wala hana haja ya kula, anapita tu unga unamgandia manyoya, baadae anajilamba, kwisha habari. Mbwa akila hizohizo anaumwa tumbo tu, paka ndo figo zinakufa, na mpaka leo wanasayansi hawajaijua sumu yenyewe ni kitu gani.

Ubaya wake ni kimya. Gimbi linapiga kelele mdomoni papo hapo, lili haiwashi. Anatapika, anazubaa, anagoma kula, halafu kutapika kunaacha unasema ah kapona, kumbe ndani figo zinaendelea kuharibika na ndani ya siku moja mpaka tatu zimegoma. Dawa ya kuiua hiyo sumu hakuna, kinachookoa ni dripu kuanza mapema, kabla masaa 18 hayajapita tangu ale, akishaacha kukojoa ndo mmechelewa hivyo.

Kwahiyo ukimkuta ana ule unga puani usikae kuangalia kama atatapika. Mfute, mfunge kwenye kikapu asiendelee kujilamba, chukua na kipande cha ua, nenda. Madaktari wa mifugo huku wengi siku nzima wako na ng'ombe na kuku, hivyo usimwambie tu 'paka wangu anaumwa', mwambie amekula lili, mnahofia figo, ataelewa haraka. Na tafadhali zile za kumshindilia mafuta ya kula au maji ya chumvi ili atapike achaneni nazo, yanaingia kwenye mapafu, na chumvi yenyewe ni sumu nyingine. Panadol ndo kabisaaa, nasikia watu wanampa paka eti ana homa, panadol inaua paka hata bila ua lolote.

Magimbi yangu siyang'oi. Zile lili za machungwa nilizoletewa mbegu yake nimempa shemeji, kwake kuna mbwa tu.