Chungu cha Julai, Kabale

Kabale, mji wa kusini magharibi mwa Uganda ulioinuka takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hauna majira ya baridi kama ya kaskazini mwa India, lakini asubuhi za Juni na Julai ukungu hutanda mabondeni na vidole hufa ganzi. Ndiyo maana mafundisho ya Ayurveda, tiba ya jadi ya India, kuhusu hemanta, yaani majira ya baridi, yamenigusa sana. Yanaeleza kwamba baridi ya nje huufungia ndani ya mwili moto wa mmeng'enyo, uitwao agni, ukapata nguvu, na usipopewa chakula kizito huanza kuula mwili wenyewe. Kwa hiyo huhimizwa vyakula vya moto vyenye samli, ufuta na tangawizi. Maelezo hayo ni ya kale, si ya maabara. Hata hivyo tumbo langu linayakubali.

Jioni huchemsha maharagwe mpaka yalainike kabisa, nikayaunga kwa kitunguu na tangawizi iliyopondwa, kisha nikayala na ugali wa ulezi ungali ukitoa mvuke. Mama alitupikia vivyo hivyo bila kuijua Ayurveda, ila yeye alitia samli mwishoni, chungu kikiwa kimeshaepuliwa, na harufu yake ilifika hadi uani.