Tulivyopata hoteli ya kimya Shela kwa kumbukumbu ya ndoa yetu

Ukisema unatafuta hoteli ya baharini kusherehekea ndoa, kila mtu ana yake ya kukupa, na karibu wote hawakuulizi mnataka nini. Mimi niliambiwa bwawa, bufee, bendi, watoto wana pa kuchezea. Watoto tulikuwa tunawaacha kwa bibi yao! Mume wangu, Baba Rukia, anafanya kazi kwenye kinu cha unga Changamwe, kwa zamu. Akirudi nyumbani anazungumza kwa sauti kubwa bila kujua, maana masikio yake bado yamo kiwandani. Zawadi ya kumpa mtu kama huyu ni kimya, na kimya hakimo kwenye nyota za hoteli.

Kabla ya kwenda Shela, kijiji cha ufuoni katika kisiwa cha Lamu, tulifuata ushauri wa wifi yangu, tukaenda hoteli kubwa Malindi. Ilikuwa Juni, mwezi tuliooana, na wifi alisisitiza kwamba bei zimeshuka. Zilishuka kweli. Ila hakutuambia kwamba baada ya masika Mto Sabaki unamwaga tope baharini, na ghuba yote ya Malindi inageuka rangi ya udongo. Hilo tungelivumilia. Chumba ndicho kilichotushinda. Tulipewa kinachotazama bwawa, wakasema ndicho bora, na chini yake kumbe ndipo penye spika. Kijana mwenye kipaza sauti alianza baada ya chakula cha jioni, akawaita wageni wacheze, akawataja wageni kwa vyumba vyao, akataja na chetu. Baba Rukia alilala na mto juu ya kichwa. Asubuhi nikaenda mapokezi, nikaomba tuhamishwe. Wakatuhamisha bila ubishi, upande wa nyuma, hakuna muziki. Alfajiri umeme ukakatika na jenereta ikanguruma ukutani kwetu, palepale kitanda kilipoegemea. Mume wangu akaketi wima gizani akaniuliza, "Zamu ya nani hii?" Nilisikia uchungu ambao bado ninao. Ile ilikuwa siku yetu.

Kwa hiyo safari iliyofuata sikumuuliza mtu wa bara wala wa ukoo. Niliamua mambo mawili mwenyewe. La kwanza, kusherehekea si lazima iwe tarehe ileile. Tulihamisha kutoka Juni hadi Februari, wakati wa kaskazi, bahari imetulia na mvua hakuna. Hoteli kadhaa za Shela hufunga masika, na kusi ikivuma sana mchanga unakufuata hadi mezani. La pili, Shela, si mjini Lamu. Mji wa kale naupenda, umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, lakini mjini kuna pilikapilika za gati, na ufuo wa kuogelea uko Shela. Peponi, iliyofunguliwa 1967, ndiyo kila mtu anaijua pale, na inastahili jina lake, ila mfuko wetu haukuifikia. Nikatafuta nyumba ya zamani iliyogeuzwa hoteli, yenye vyumba vichache.

Picha nilizitazama nikazichoka. Kila nyumba ina picha ya kitanda chenye maua ya asumini. Nikaamua kutafuta kwa masikio. Nilipiga simu saa nne asubuhi, kisha nikapiga tena saa tatu usiku, na nilipopiga nilikuwa sina haraka ya kuzungumza. Nauliza jambo dogo, kama chandarua kipo, halafu nanyamaza nisikilize kilicho nyuma ya sauti. Nyumba moja iliyonivutia sana kwa picha, asubuhi nilisikia nyundo. Nikauliza, "Mafundi wenu hao?" Akasema, "Si wetu, mama, ni jirani anajenga." Shela watu wanajenga sana, na mawe huchongwa palepale uani. Nyumba hiyo nikaifuta. Nyingine usiku ilikuwa na televisheni ya mpira, ukumbi mzima unashangilia. Ya tatu alipokea mzee, taratibu, na nyuma yake sikusikia chochote ila maji yanayopiga ukuta wa pwani. Mara punda akalia.

"Shikamoo mzee wangu. Huyo punda analala karibu na vyumba?"

"Marahaba mwanangu. Huyo anapita tu, ameleta mchanga wa jirani. Zizi liko mbali, nyuma kule."

"Mchanga wa kujengea?"

Akacheka, akaniambia kweli, kwamba ukuta mmoja unatengenezwa njia ya pili na utakwisha kabla hatujafika. Mtu anayekwambia ubaya wa nyumba yake kabla hujalipa, huyo mpe arbuni. Hata hivyo nilimwomba ampe simu kijana mmoja atembee kutoka chumbani hadi ufuoni akipiga video bila kuzima sauti. Nilisikia nyayo, jogoo, na mtu akisema asalaam aleikum. Ilitosha.

Chumba nilikichagua kwa upepo. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki, basi unataka dirisha linalotazama mkondo wa bahari, upande wa kisiwa cha Manda. Ukipewa cha nyuma Februari utalala na jasho, na ndipo utaomba feni, na feni kuukuu ina kelele zake. Watu hawaulizi haya, wanauliza kama kuna intaneti.

Chumba chenyewe kilikuwa chembamba na kirefu, kama vyumba vyote vya zamani vya Lamu, kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko na boriti ndiyo inayoamua upana. Kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa ni nene kiasi kwamba nilipofunga dirisha sikumsikia Baba Rukia akiniita kutoka nje. Kwenye ukuta wa ndani kulikuwa na zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, mstari juu ya mstari, na alfajiri mwanga ukiingia kila kidaka kilikuwa na kivuli chake. Kitanda cha samadari, kirefu, unapanda. Hakuna televisheni. Simu ya chumba hakuna. Ukitaka chai unatoa kichwa dirishani ukaita.

Chakula hakina orodha. Asubuhi mpishi anapanda juu kuuliza mnataka nini, halafu anashuka ufuoni kwa wavuvi. Siku ya kumbukumbu yetu nilimwomba changu wa kupaka na wali wa nazi, na maji ya ukwaju. Alituwekea meza barazani, taa moja. Mume wangu aliongea kwa sauti ya kawaida. Niliona kwamba nilikuwa nimesahau sauti yake ya kawaida ilivyo. Tulizungumza hadi usiku mkubwa kuhusu mambo ambayo nyumbani hatuyamalizi.

Msikiti wa Ijumaa wa Shela, ule wa 1829 wenye mnara mrefu mweupe, ulikuwa karibu, adhana ya alfajiri inaingia chumbani. Kama wewe ni mtu wa kulalamikia adhana, usiende Lamu kabisa.

Ufuo unaenda kilomita 12 hivi, na ukipita pembe ya kijiji hukutani na watu. Huko mbele bahari iko wazi na ina mkondo, ogeleeni karibu na kijiji. Na kama mnatembea kwa miguu kutoka mjini hadi Shela kwa njia ya pwani, ulizeni maji kwanza: wakati wa bamvua yakijaa njia inafunikwa, mtarudi mmelowa au mtakodi boti. Vile vilima vya mchanga nyuma ya kijiji ndivyo vinavyohifadhi maji ya kunywa ya Lamu, basi msivifanye uwanja wa kuchezea.

Bei? Kwa pamoja, chumba, chakula, basi na boti, hatukufika zile tulizolipa Malindi, na hapo sijahesabu usingizi. Epukeni tu wiki ya Maulidi na siku za tamasha la Novemba, vyumba hujaa na mji hauna kimya.

Wifi ameniomba namba ya yule mzee. Nimempa, nikamwambia apige saa tatu usiku. Sisi chumba cha Februari inayokuja tumeshakilipia arbuni, kilekile cha upande wa Manda.