Siku Moja Maishani Mwangu: Mwalimu wa Urubani na Hati za Uraia

Saa 11 alfajiri. Natoka nyumbani mapema kwa sababu hapa katikati ya Florida, kuanzia Juni hadi Septemba, hewa hutulia asubuhi, na alasiri mawingu ya radi hutufungia njia. Wengi, hata jamaa zangu wa Tanga, hudhani kwamba mwalimu wa urubani hushinda angani. Ningependa waione pia kazi ya mezani, inayofanyika kabla injini haijawashwa.

Saa 1 asubuhi. Nakagua mafuta, oili na matairi ya ndege yetu ndogo, Cessna 172, kisha nafundisha kupaa na kutua hadi saa 3 na nusu.

Saa 4. Anaingia bwana wa makamo mwenye leseni ya urubani aliyoipata kabla ya 2001, anayetaka kujifunza kuruka kwa kutegemea vifaa, ndani ya mawingu. Namwomba uthibitisho wa uraia. Ananipa leseni ya udereva. Namweleza kwamba hiyo inaonyesha yeye ni nani, haithibitishi kuwa ni raia. Ananipa cheti cha urubani, ambacho kweli kimeandikwa uraia wake, lakini hakimo katika hati zinazokubaliwa na mamlaka ya Marekani ya usalama wa usafiri, TSA. Zinazokubaliwa ni kama vile pasipoti ya Marekani ambayo muda wake haujaisha, cheti halisi cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho cha serikali chenye picha, au cheti cha uraia wa kuandikishwa. Anafungua simu na kunionyesha picha ya cheti cha kuzaliwa. Nasema nahitaji cheti chenyewe. Hapo sauti yake inapanda: amerusha ndege miaka mingi na hajawahi kuulizwa swali hili. Namweleza kwamba ukaguzi hufanywa kwa leseni ya kwanza, kwa mafunzo ya vifaa na kwa ndege za injini zaidi ya moja, na kwamba alipopata leseni yake kanuni hizi hazikuwapo. Ndipo ananiuliza mimi, mwenye lafudhi hii, nilizaliwa wapi hata nimhoji yeye.

Nilimjibu kwamba nilizaliwa Tanga. Kwamba nilianza mafunzo nikiwa mgeni, nikachukuliwa alama za vidole, nikalipa ada na kungoja kibali cha TSA, kama watakiwavyo wasio raia. Na kwamba nilipokwisha kuapa kuwa raia, nami niliweka cheti changu mezani. Swali hili namwuliza kila mtu, kwa maana nikimwuliza mwenye jina la Kiarabu na kumwacha mwenye jina la Kiingereza, nitakuwa nimeiacha sheria na kuanza ubaguzi.

Wala kanuni hizi hazikuzuka bure. Baadhi ya watekaji wa ndege wa Septemba 11, 2001 walijifunza urubani katika jimbo hili hili, mjini Venice, na Machi 2002, miezi sita baada ya wao kufa, shule iliyowafundisha ilipokea barua za idara ya uhamiaji kwamba wawili kati yao wameidhinishiwa viza za uanafunzi. Tangu 2004 TSA imetukabidhi sisi walimu na shule zetu jukumu la kukagua, na kumbukumbu zake hutunzwa miaka 5. Naliona kuwa jukumu la heshima, ingawa linachosha.

Alikwenda kuleta cheti. Sisi hulipwa kwa saa tunazofundisha, kwa hiyo kungoja kule hakukuwa na malipo. Aliporudi, saa 7 ilikuwa imepita na radi imeanza kusikika. Nikakikagua cheti na kitambulisho chake, nikaandika uthibitisho katika daftari lake la safari na langu, nikatia sahihi. Hatukuruka.

Sikumbuki vizuri nilikula saa ngapi. Mvua iliponyesha alipiga simu mama mmoja mwenye ukaazi wa kudumu, akishangaa kwamba bado anatakiwa kuomba kibali. Nilimweleza taratibu kwamba ukaazi si uraia, kwamba ada ni dola 140, na kwamba kibali chaweza kudumu hadi miaka 5. Alinishukuru.

Jioni kibali cha kijana kutoka Mombasa kilifika. Nilimwandikia aje kesho saa 1 kamili na pasipoti yake, tumpige picha ya kuipelekea TSA, halafu twende kwenye ndege.