CLAMP: wanawake wanne wa Kansai, jina moja

Wapenzi wa anime, yaani filamu za katuni za Kijapani, kule nyumbani wengi wameshaona kazi ya CLAMP bila kujua. Aliyetazama Code Geass ameona sura walizozibuni wao. Aliyekuwa akimfuatilia Sakura na kadi zake za uchawi anawafahamu tangu utotoni. Ila ukiwauliza CLAMP ni nani, wengi watakujibu kana kwamba ni mtu mmoja.

Ni wanawake wanne wanaotunga na kuchora manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani: Nanase Ohkawa, Mokona, Tsubaki Nekoi na Satsuki Igarashi. Ohkawa ni wa Osaka, wenzake watatu ni wa Kyoto. Miji yote miwili iko Kansai, eneo hilihili la Japani ambamo imo Kobe ninakoishi, na watu wa huku wanawazungumzia kama watoto wao wenyewe.

Walianza katikati ya miaka ya 1980, wakati huo wakiwa zaidi ya kumi, kwa kuchora vijitabu vya kujichapishia. Huo ni utamaduni mkubwa hapa Japani: vijana wanachora, wanachanga hela ya uchapaji, kisha wanapanga vijitabu mezani siku ya maonyesho na kuuza kwa mkono. Mwanzoni walichora wahusika wa hadithi za watu wengine, Saint Seiya ikiwemo, baadaye wakageukia za kwao. Jarida la Wings likawapa nafasi, na mwaka 1989 ikaanza kutoka RG Veda, hadithi ya miungu na vita iliyochotwa katika masimulizi ya kale ya India. Wakahamia Tokyo, wakawa wanaishi na kufanya kazi pamoja. Watu walikuwa wanapungua. Kufikia 1993 wamebaki hao wanne, na hao hawajaachana mpaka leo.

Hapo nawavulia kofia. Anayeijua historia ya bendi zetu za dansi anajua inavyokuwaje: bendi inapata jina, mpiga gitaa anaondoka na nusu ya wenzake, kesho kuna bendi mbili zinazogombania nyimbo zilezile. Hawa wamepitia sifa, pesa na kazi za kukesha kwa zaidi ya miaka thelathini, na jina bado ni moja.

Ohkawa ndiye anayeandika hadithi na kuongoza kazi. Mokona mara nyingi ndiye mchoraji mkuu. Lakini kiti hicho hakina mwenyewe wa kudumu: katika hadithi yao ya Gouhou Drug, kwa mfano, Nekoi ndiye aliyeshika kalamu kuu. Hadithi inachagua mkono unaoifaa, na wengine wanasaidia.

Utaliona hili vizuri ukiweka mezani Tsubasa na xxxHolic, zote zilizoanza 2003. Tsubasa ilitoka katika jarida la wavulana, xxxHolic katika jarida la watu wazima, na visa vyake vinaingiliana: wasafiri wa Tsubasa wanakwenda kuomba msaada kwa Yuko, mwenye duka la kutimiza matakwa katika xxxHolic. Fungua Tsubasa, mistari ni minene, watu wanaruka, ukurasa mzima unakwenda mbio. Fungua xxxHolic, umekutana na weusi mtupu, viungo virefu vyembamba, na moshi wa kiko cha Yuko umejiviringa ukurasa mzima kama kwenye picha za kale za Kijapani zilizochapwa kwa ubao. Yuko ni yuleyule, na waliomchora ni walewale. Kwangu hiyo ndiyo kazi inayoonyesha uwezo wao kuliko zote.

Inayojulikana zaidi lakini ni Cardcaptor Sakura, iliyotoka 1996 hadi 2000 katika Nakayoshi, jarida la wasichana wadogo, ikakusanywa katika vitabu 12. Mimi nimejifunzia Kijapani humo. Kwa kuwa ni ya watoto, kila kanji, zile herufi ngumu zenye asili ya China, imeandikiwa matamshi yake pembeni kwa hiragana ndogondogo, herufi rahisi za sauti, na vitabu vyake vinapatikana kwa bei ya chini kwenye maduka ya mitumba. Tena kuna Kero, yule mnyama mlinzi wa kadi, ambaye anaongea lafudhi ya Osaka kwa sababu kitabu alimokuwa amelala kilikaa huko muda mrefu. Nikimsoma namsikia mzee anayeuza tofu mtaani kwetu, neno kwa neno.

Halafu kuna hadithi yao iitwayo X. Ilianza 1992, ikisimulia vijana wanaopigana kuamua hatima ya dunia, huku Tokyo ikibomoka jengo baada ya jengo kwa matetemeko. Tarehe 17 Januari 1995, saa 11 na dakika 46 alfajiri, tetemeko la kweli likaipiga Kobe na kuua watu zaidi ya 6,400. Mpaka leo, kila mwaka saa hiyohiyo, watu hukusanyika katika bustani ya Higashi Yuenchi na kuwasha taa. Michoro ya miji inayoporomoka ikawa karibu mno na mambo ambayo watu walikuwa wameyaona kwa macho yao. Mwaka 2003 X ikasimama, ikiwa na vitabu 18 na bila mwisho.

Mama mmoja ninayefanya naye kazi alikuwa mwanafunzi wakati ule, na nyumba yao ilianguka. Vitabu vyote 18 anavyo, na anautaka mwisho. Anasema watu wa Kobe si mayai, wanaweza kusoma. Mimi naelewa kwa nini CLAMP wanasita kuimaliza, lakini nikimsikiliza yeye naona ana haki ya kudai.

Mwaka 2024, kuanzia Julai hadi Septemba, jumba la taifa la sanaa lililoko Roppongi, Tokyo, liliandaa maonyesho makubwa ya kazi zao zote. Huyo mama alipanda basi la usiku kwenda kuyaona, akarudi na katalogi nzito ambayo tumeifungua mara nyingi wakati wa mapumziko ya chakula.

Kwa wadogo zangu mnaochora huko nyumbani na mnaotaka kuwasoma: anzeni na Sakura, kisha xxxHolic na Tsubasa kwa pamoja, kitabu kwa kitabu. X muisome mkiwa tayari kukaa na swali lisilo na jibu.