Kamba ya Kuwashia Mashine ya Boti: Tazama Ilipokatikia

Mtu akiniletea mashine ndogo ya boti iliyokatika kamba ya kuwashia, kwanza namuomba ile kamba yenyewe, hata kama kimebaki kipande. Wengi huwa wameshaitupa, na inaniuma, maana kamba ndiyo inayoonyesha ugonjwa uko wapi. Ikiwa imelika upande wa mkono wa kuvutia, napapasa kwa kidole ukingo wa tundu inakopitia. Mara nyingi nakuta pameliwa na kamba miaka yote hiyo, pamebaki makali. Usipopalainisha kwa msasa, kamba mpya nayo itakwenda hukohuko. Ikiwa imekatikia ndani, kwenye fundo, basi tazama roda, lile gurudumu kamba inapojiviringisha: huenda tundu la fundo limepasuka.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa klipu ya kuzimia na waya za plagi, kisha weka gia fri, yaani isishike mbele wala nyuma. Mashine nyingi zina waya mwembamba kutoka kwenye gia hadi kwenye stata, yaani kile kifaa cha kuwashia chenye kamba na roda; kazi yake kuzuia mashine isiwashwe ikiwa kwenye gia. Waya huo ukilegea au ukishika kutu, kamba hugoma hata ukiwa fri. Nimeona stata nzima zikibomolewa kwa kosa la waya huo tu. Ukishaitoa stata, fungua plagi, zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la injini lililo chini ya stata, kwa mkono. Isipozunguka, shida iko ndani ya injini.

Sasa springi. Hii naiheshimu kuliko kitu chochote kwenye mashine ndogo. Ni utepe mrefu wa chuma uliokunjwa ukabanwa chini ya roda, na ukiinua roda kwa pupa unafyatuka usoni. Vaa glavu na miwani. Achia nguvu yote ya springi kwanza, ukiizuia roda kwa kiganja ili irudi taratibu, ndipo ufungue bolti ya katikati. Inua roda kidogo huku ukiitikisatikisa, springi ibaki ndani ya kifuniko. Ikiwa ni nzima, ifute chumvi, ipake grisi nyepesi kidogo, basi.

Kwenye kilimi, kile kipande kinachochomoza kukamata flaiwili, usimwage grisi. Kuna kiwaya kinachokisukuma nje kwa msuguano. Kikiteleza, kilimi hakichomozi. Utavuta kamba, itakuja nyepesi, na injini haitasogea.

Kamba mpya iwe na unene na urefu uleule wa ya zamani. Ikiwa nene zaidi hairudi yote ndani. Choma ncha kwa moto zisifumuke, funga fundo la umbo la nane, ulikaze kwa koleo.

Kukaza springi ndiko kunakohitaji subira. Viringisha kamba yote kwenye roda, toa kitanzi kwenye pengo lililo ukingoni, kisha kwa kitanzi hicho zungusha roda kuelekea upande inakozunguka kamba ikivutwa. Mizunguko miwili au mitatu hutosha kwa nyingi, lakini mimi siamini hesabu bila kupima. Vuta kamba mpaka mwisho, halafu jaribu kusogeza roda mbele kwa mkono. Lazima iende kidogo zaidi, walau nusu mzunguko. Isipokwenda, springi imefika kikomo na itavunjika. Punguza mzunguko mmoja. Mkono wa kuvutia ukining'inia nje, ongeza mmoja.

Ukiwasha, vuta polepole mpaka uhisi kilimi kimekamata, ndipo uvute kwa nguvu, na uirudishe kamba ukiwa umeishika.

Chomboni weka spana ya bolti za stata na kipande cha kamba chenye fundo. Stata ikifa majini, unaifungua, unakwamisha fundo kwenye pengo la flaiwili, unazungushia kamba na kuvuta. Hakikisha uko fri, na nguo, nywele na vidole viwe mbali: flaiwili iko wazi, na kifuniko hakirudi mpaka uzime.